Daftari la Kuonja

Kikundi cha tuliosoma pamoja kilinipa kazi ya kusema maneno machache kwenye mazishi ya Nestori. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Mwanga, jirani na Ujiji, nashona sare za shule, simu ikawa inatetemeka mfululizo juu ya meza ya kukatia. Nikavaa miwani nikasoma. Katibu wa kikundi, mwenzetu aliyestaafu serikalini na sasa anakaa Dodoma, alikuwa ameandika: "Swedi yuko karibu na msiba, tena ndiye alikuwa kiranja wetu. Atuwakilishe." Chini yake wakafuata wengine na vile vidole gumba vya kukubali, vidole vingi, na mmoja akaongeza: "Kinafaa oyee!" Hilo lilikuwa jina langu la shule. Hakuna aliyeuliza kama naweza. Baada ya kama saa moja katibu akatuma na hotuba yenyewe, ameshaiandika, kazi yangu ni kusoma tu. Ilikuwa fupi na nzuri. Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, fundi hodari wa mashine za mitumbwi. Katikati palikuwa na sentensi moja: "Alikatisha masomo akiwa kidato cha tatu kwa sababu za kifamilia." Nikaisoma, nikaweka simu kifudifudi, nikaendelea kushona. Mshono ule ulikwenda upande, nikaufumua, nikaurudia, ukaenda upande tena.

Katika kumbukumbu hizi nimekuwa nikiukwepa mwaka wa kidato cha tatu. Nimeandika habari za kujifunza kushona, za chumba cha kwanza nilichopanga, za watu niliofanya nao kazi, na kila nilipofika kwenye shule niliruka. Sasa Nestori amekufa na sina tena sababu ya kuruka, maana sababu yenyewe ilikuwa ni kwamba yuko hai na anaweza kusoma.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, wavulana na wasichana, juu ya mteremko ambako ukisimama nyuma ya jiko unaliona ziwa lote hadi milima ya Kongo siku ambayo hakuna moshi wa kuchoma mashamba. Jiko lilikuwa banda refu la matofali, paa jeusi kwa masizi, na ndani masufuria matatu makubwa yaliyojengewa kwenye mafiga ya udongo. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Bukuru, Muha wa miaka kama hamsini, mwenye mikono iliyoungua hadi kwenye viwiko na asiyependa maneno. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, ugali wa muhogo na dagaa, na siku za kupendeza dagaa wale walipikwa kwa mawese, sahani zikabaki na rangi ya machungwa ambayo haikutoka hata kwa majivu. Mbaamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaendi kuvua dagaa, kwa hiyo siku hizo tulirudi kwenye maharage, na bweni zima lilijua tarehe ya mwezi kwa kutazama sahani.

Shule ilikuwa na desturi yake juu ya chakula. Kila mchana kabla kengele haijagongwa, kiranja wa chakula aliingia jikoni, akapewa tonge na mchuzi, akaonja akiwa amesimama mbele ya mwalimu wa zamu. Halafu akafungua daftari la jalada gumu lililoning'inia kwenye msumari karibu na mlango, akaandika tarehe, akaandika neno moja kati ya mawili, Kinafaa au Hakifai, akatia sahihi. Akiandika Kinafaa, kengele inagongwa. Akiandika Hakifai, hakuna sahani inayopakuliwa mpaka mkuu wa shule aje mwenyewe aone. Niliwahi kulipekua daftari lile toka ukurasa wa kwanza, miaka ya viranja walionitangulia, miandiko ya kila aina. Sikuona Hakifai hata moja. Nilidhani maana yake ni kwamba wapishi wetu ni hodari.

Niliupata ukiranja kwa mzaha wa Nestori. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, toka kidato cha kwanza. Siku ya kuteua majina alisimama katikati ya bwalo akasema, "Jamani, mnataka kiranja wa chakula? Mpeni Swedi. Tumbo lake kama la kuku. Hata akiiba, ataiba nini?" Watu wakacheka, wakapiga makofi, nikachaguliwa kwa kishindo. Nestori alikuwa na uwezo huo, wa kusema kitu kikawa kimeamuliwa. Familia yao ilitoka Burundi wakati yeye akiwa mgongoni, wakakaa Ilagala kwa kilimo na uvuvi kidogo, na baba yake alikuwa mtu mkali asiyetaka mtoto wake aonekane na kosa lolote mbele ya wenyeji. Nestori mwenyewe hakuonekana kuubeba mzigo huo. Alikuwa anamwingilia Mzee Bukuru jikoni na kumwamkia kwa Kirundi, "Mwiriwe, muzehe!", na mzee, ambaye hakumchekea mwalimu wala mwanafunzi, alikuwa anamwitikia kwa Kiha huku ameficha tabasamu.

Mambo yalibadilika upesi kuliko nilivyotegemea. Wiki ya kwanza nilifurahia kutembea na ufunguo wa stoo shingoni. Wiki ya tatu niliingia bwenini nikasikia mazungumzo yakikatika kama redio iliyoisha betri. "Haya, Kinafaa kaja, ongeeni habari za hesabu," mmoja akasema, wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Maharage yakiwa na fukusi, kosa langu. Ugali ukiwa mdogo, kosa langu. Nilipokwenda kwa mwalimu wa stoo kusema wenzangu wanalalamika, aliniambia, "Wewe umewekwa uwatulize, siyo uwalete kwangu." Niliporudi kuwaambia wenzangu wavumilie, waliniambia nimeshanunuliwa kwa ukoko. Ukoko wenyewe nilikuwa napewa kweli, sitaki kusema uongo. Mzee Bukuru alikuwa ananiwekea kipande kwenye kifuniko, nami nakila nimesimama nyuma ya jiko, peke yangu, natazama ziwa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba na nilikuwa nimechoka namna ambayo sasa naiona kwa watu wa umri wangu. Hata hivyo sikutaka kuuacha. Hilo ndilo jambo ambalo nimelielewa nikiwa mzee: kazi ilinitesa, na mtu angejaribu kuninyang'anya ningepigana naye.

Kisha Ramadhani ikaingia. Sisi Waislamu tulikuwa wachache pale bwenini, wengi tukitokea Ujiji, na shule ilituwekea uji na viazi wakati wa kufuturu. Mkuu wa shule aliniita akaniambia kwa upole kwamba kwa mwezi huu kuonja afanye msaidizi wangu, msichana mmoja wa darasa letu mwenye akili nyingi na mwandiko mzuri. Nikamwambia, "Hapana mwalimu, nitaweza." Aliniuliza nitawezaje na nimefunga. Nikasema nitaweza. Nilikuwa na hofu tu, naye akaniachia. Niliona kwamba daftari likikaa mwezi mzima kwa yule msichana, halitarudi. Wengine watasema chakula kimekuwa kizuri tangu Swedi aondoke. Miaka mingi baadaye, nikipima kanzu ya shehe mmoja wa kwetu, nilimuuliza kama kuonja chakula kwa ncha ya ulimi na kutema kungevunja funga. Akaniambia kusingevunja, kwa mwenye haja, mradi asimeze. Nikaendelea kumpima mabega.

Basi nikamfanya Nestori awe ulimi wangu. Nilimweleza tukiwa tunafua kwenye bomba, naye akatikisa kichwa akicheka. "Kwa hiyo mimi nile, wewe usifiwe?" Nikamwambia ni mwezi mmoja tu. Akasema, "Sawa, bwana mkubwa. Lakini nikisema ni kibaya, ni kibaya." Nikasema sawa. Kila mchana akawa anaingia kwa mlango wa kuni, anaonja upesi upande ule wa moshi, ananitikisia kichwa, mimi naandika Kinafaa na kutia sahihi yangu. Mwalimu wa zamu alikuwa anasimama mlango wa mbele kwa sababu ya joto, hakuona. Au hakutaka kuona. Mzee Bukuru aliona, akaendelea kusonga. Ilienda hivyo siku kumi na kitu bila shida, hata nikaanza kuiona kama ni utaratibu.

Siku yenyewe unga ulikuwa mpya, umeletwa jana yake. Mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea, mgeni hana hata mwaka, ambaye alikuwa akila ugali wa mahindi nyumbani kwake na alituona sisi wala muhogo kama watu wenye subira. Nje wanafunzi walikuwa wameshajipanga, wanagonga sahani kwa vijiko, wanaimba, "Ki-na-faa! Ki-na-faa!" Nestori akaingia, akachukua tonge, akachovya, akatafuna mara mbili tatu. Akaacha kutafuna. Akatema kwenye majivu.

"Swedi, huu mchungu."

"Mchungu vipi?"

"Mchungu wa muhogo ambao haukulowekwa ukaiva. Walikuwa na haraka hawa. Mama angeumwaga huu. Usiwape."

Nilimtazama Mzee Bukuru. Alikuwa amegeuzia uso kwenye sufuria la tatu, anasonga. Akasema bila kugeuka, "Unga ndio huo walioniletea."

"Kiranja!" Mwalimu Komba aliita toka mlangoni, anatazama saa. "Vipi huko, bado mnaombea?"

Najua nilifikiri nini, kwa sababu nimelifikiri tena mara nyingi mno. Sikufikiri juu ya uchungu wa unga. Nilifikiri kwamba nikiandika Hakifai, mkuu wa shule atakuja, atauliza umeuonaje ubaya wake na wewe umefunga, na hapo yatatoka yote, siku kumi na kitu za sahihi bila kuonja. Nikajiambia kwamba Nestori anadekezwa na mama yake, kwamba muhogo una uchungu wake wa kawaida, kwamba dagaa wa leo wana chumvi itafunika. Nikachukua daftari toka kwenye msumari. Nestori akasema, "Swedi." Nikaandika Kinafaa, nikatia sahihi, kengele ikagongwa, na nje wakashangilia kama siku zote.

Tulikula kwa meza, watu wanane kila meza. Mimi sikuwa nakula, nilikuwa natembea kati ya meza kama ilivyonipasa, na nilimwona Nestori amekaa mbele ya sahani yake, anakula dagaa tupu. Nikamsikia anawaambia wa meza yake, "Jamani, ugali muuache leo. Sitanii." Mmoja akamjibu, "Mrundi leo anabagua ugali! Kuleni jamani, anataka mbakize abebe." Wakacheka. Lakini walikuwa wamemzoea, na uchungu walikuwa wanausikia hata wao, wakaacha mmoja mmoja. Meza nyingine walilalamika, kama walivyolalamika kila siku, na kwa sababu walilalamika kila siku hakuna aliyejali, hata wao wenyewe. Walikula. Wenye njaa zaidi wakamalizia na vya wenzao.

Saa tisa watu walianza kutapika. Mwanzo mmoja nyuma ya darasa, kisha bweni la wasichana, kisha kila mahali. Wengine walisema vichwa vinazunguka, wengine miguu haina nguvu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, Yusta, alianguka karibu na mlingoti wa bendera na hakuamka alipoitwa. Tulimbeba kwenye lori la jirani mmoja wa shule, mimi nikiwa nimemshika kichwa, na njia nzima hadi hospitali nilikuwa naona weupe wa macho yake. Hakufa. Hakuna aliyekufa. Wengi walirudi baada ya siku mbili, Yusta alikaa wiki nzima, akarudi mwembamba, na alikuwa ananisalimia vizuri tu, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Jioni ile ya kwanza nilifuturu kwa maji peke yake.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa na daftari mezani, limefunguliwa. Chumba kilikuwa kinanuka dawa ya sakafu. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. "Hii sahihi yako?" Nikasema ndiyo. "Ulionja?" Nikasema hapana mwalimu, nimefunga. "Nani alionja?" Nikasema Nestori. "Kwa ruhusa ya nani?" Nikasema yangu. Hadi hapo nilikuwa nasema kweli, na kila jibu la kweli lilinipa nafuu, nikaona kama nitavuka. Kisha akauliza, "Alikuambiaje alipoonja?"

Nikasema, "Hakusema kitu, mwalimu."

Nestori akaitwa. Alisimama kando yangu, mabega yetu karibu kugusana. Mkuu akamuuliza, naye akasema, "Nilimwambia ni mchungu. Nilimwambia asiwape." Mkuu akasema, "Mwenzako anasema hukusema kitu." Nestori akanigeukia. Nilikuwa natazama daftari. Mkuu akaendelea, na hapa ndipo mambo yalipomgeukia vibaya, kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa ameshachunguza: "Meza yako hakuugua hata mmoja. Uliwakataza. Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukawaokoa rafiki zako saba, na shule nzima ukaiacha iugue." Nestori akasema, "Nilimwambia kiranja." Mkuu akasema, "Kiranja anasema hukumwambia. Na wewe jikoni ulikuwa unafanya nini? Ni kiranja wewe?" Nilikuwa na nafasi pale. Kilikuwa kimya kirefu, nasikia mtu anafagia nje, na kimya kile kilikuwa changu. Nikakiacha kipite.

Alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Baba yake akaja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, amevaa koti, akaingia ofisini akatoka bila kumsalimia mtu. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya jiko nikawaona wanashuka mteremko, baba mbele, Nestori nyuma na sanduku la bati kichwani. Alisimamishwa masomo, akatakiwa arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Mimi nilipewa onyo kali, na ukiranja nikaachiwa. Mkuu alisema kumvua kiranja katikati ya mwaka kunawachanganya wanafunzi. Nadhani ukweli ni kwamba alinichoka kama mimi nilivyojichoka. Nikaonja chakula mwaka wote uliobaki, kila mchana, hata siku za Ramadhani zilizosalia niliacha kufunga nikazilipa baadaye. Nikaandika Kinafaa kila siku.

Siku moja, muda mrefu baada ya Nestori kuondoka, nilimuuliza Mzee Bukuru tukiwa wawili tu jikoni, "Mzee, siku ile ulimsikia." Akasema, "Nilimsikia." Nikamuuliza mbona hakusema. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua. "Mwanangu," akasema, "mimi nina watoto sita. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa mabaya, nikaenda kujifunza cherehani. Katika maisha yote nimekataa kuongoza kitu. Umoja wa mafundi, kamati ya msikiti, ujumbe wa mtaa, kote nimesema afya hairuhusu. Nestori nilikutana naye mara kadhaa pale ufukweni Kibirizi, akitengeneza mashine juu ya mchanga, mikono myeusi kwa oili, watu wamemzunguka wanacheka. Tulisalimiana kama watu wanaofahamiana. Alinipa dagaa, nilimshonea kaptula. Mara moja tu, nikiwa naondoka, aliniita: "Swedi! Bado unaonja?" Kisha akacheka kicheko chake kilekile, akarudi kwenye mashine. Nilisimama kidogo nikitegemea aseme zaidi. Nilitembea toka Kibirizi hadi nyumbani kwa miguu siku hiyo, na wala sikuwa nimeishiwa nauli.

Ilagala tulizika saa nane mchana. Watu walikuwa wengi, wavuvi, wakulima, kwaya ya kanisa na sare zao. Nilikaa kwenye turubai pamoja na wenzangu watatu waliofika, tukapewa wali. Msimamizi wa ratiba, kijana mwenye kipaza sauti, akaita, "Salamu kutoka kwa waliosoma na marehemu. Dakika mbili, mzee wangu, jua limekaza." Nikasimama. Nilikuwa na ile hotuba kwenye simu. Nikasoma mcheshi, nikasoma mpenda watu, nikafika kwenye sababu za kifamilia, na nikashindwa. Macho yaliona maandishi vizuri. Ni mdomo tu uliokataa.

Nikasema, "Nestori hakuacha shule kwa sababu za kifamilia. Alionja unga kwa niaba yangu, akaniambia ni mchungu, tusiwape watu. Mimi nikawapa. Tulipoulizwa nikasema hakuniambia. Alirudishwa nyumbani kwa uongo wangu. Mimi ndiye Swedi." Nilikuwa na zaidi ya kusema lakini nikashusha kipaza sauti. Watu walinitazama. Wa nyuma walikuwa wanaulizana mzee kasema nini. Msimamizi wa ratiba akanipokea kipaza sauti kwa heshima, akasema, "Tunamshukuru mzee wetu kwa salamu hizo. Sasa tunaendelea na kuweka mashada. Tunaanza na watoto wa marehemu." Kwaya ikaanza kuimba. Nikarudi kukaa. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Haikuwa na haja, Swedi. Mambo ya utoto." Mwingine akasogeza kiti chake kidogo.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanatawanyika, mama mmoja wa makamo yangu alikuja akiwa amejifunga kanga kiunoni, akasimama mbele yangu. Alikuwa Eufrasia, dada mkubwa wa Nestori. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Wewe ndiye wa daftari," akasema.

"Ni mimi, dada."

"Baba yetu alikaa mwezi mzima hasemi na Nestori. Nestori anasema, baba, mimi nilimwambia. Baba anamjibu, mwenye daftari anasema hukusema. Anamwambia, sisi hapa wageni, watu wametupokea, wewe unaenda kuwalisha watoto wao sumu? Shule mbili zilikuwa tayari kumchukua. Baba akakataa. Akasema mtoto huyu ataniaibisha tena." Alikuwa anasema polepole, kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, bila hasira ninayoweza kuionesha. "Na baba amezikwa pale, unaona ile migomba? Amekufa hajamwamini. Ungekuja yeye yupo."

Nikamwambia nisamehe.

"Mimi nikusamehe kama nani? Walioitaka hiyo kauli yako wako chini wote wawili." Akatazama upande wa nyumba. "Lakini watoto wake wapo. Wameambiwa na babu yao jambo lile lile, na baba yao alichoka kukana. Kaa hapo."

Akawaita. Wakaja sita, wakubwa wa kuoa na kuolewa, na wajukuu nyuma yao, wakakaa kwenye mkeka. Mkubwa wao, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya baba yake, alibaki amesimama.

"Rudia," Eufrasia akaniambia. "Pale kwenye kipaza sauti umekimbia. Anzia mwanzo, taratibu, hawa wasikie."

Nikaanza. Nikawaambia mwezi ulikuwa Ramadhani na kwamba mkuu wa shule alinipa njia ya kupumzika nikaikataa. Nikawaambia mlango wa kuni, na majivu, na maneno yenyewe aliyosema baba yao. Nilipofika ofisini, kwenye kile kimya nilichokiacha kipite, yule mkubwa aligeuka akaondoka kuelekea ziwani, bila kuaga. Nikamfuata kwa macho.

"Mwache," Eufrasia akasema. "Endelea."

Nikaendelea kuwaambia waliobaki.